Kuishi na Parkinson wakati unasubiri upasuaji: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza

Ukishaambiwa jina lako limeingia kwenye orodha ya upasuaji, ni rahisi kuanza kuahirisha kila kitu. Mazoezi yatangoja. Jino linalouma litangoja. Dozi inayoisha nguvu kabla ya wakati itavumiliwa tu, kwa kuwa upasuaji utamaliza hayo yote. Nakusihi usishike njia hiyo. Kusubiri kunaweza kuchukua miezi mingi, na mwili utakaolazwa kwenye chumba cha upasuaji ni huo huo utakaokuwa umeutunza au umeuacha. Tena madaktari wataamua mambo mengi kwa kutegemea maelezo yako: saa zipi unataabika, dawa inakupa nini, unaanguka lini. Kipindi hiki ni sehemu ya matibabu, na kazi yake kubwa iko nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Jua upasuaji utagusa nini na utaacha nini

Upasuaji unaozungumziwa hapa ni ule wa kuchochea ubongo kwa umeme. Daktari hupitisha nyaya nyembamba hadi kwenye vituo vidogo vilivyo ndani kabisa ya ubongo, kisha huziunganisha, kwa waya unaopita chini ya ngozi ya shingo, na kifaa chenye betri kinachowekwa kifuani chini ya mtulinga. Mbinu hii kwa sura yake ya leo ilianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa kazi ya Alim-Louis Benabid na wenzake. Marekani iliiidhinisha mwaka 1997 kwa ajili ya mtetemeko, na mwaka 2002 kwa dalili nyingine kuu za Parkinson. Kwa hiyo wewe si mtu wa kufanyiwa majaribio, wengi wamekutangulia.

Kanuni moja itakusaidia kupanga matumaini yako. Tazama hali yako katika saa ile nzuri kuliko zote, dawa inapokuwa imeshika barabara. Hapo ndipo upasuaji unapolenga kukufikisha, ila kwa saa nyingi zaidi za siku na bila kupanda na kushuka sana. Dalili ambayo levodopa, dawa kuu ya Parkinson, haiiondoi, kwa kawaida umeme nao hauiondoi. Mtetemeko ndio unaovunja kanuni hii: wakati mwingine hauisikii dawa lakini unatulia kwa umeme.

Kusahau, sauti iliyofifia, kumeza kwa shida, kufunga choo, na kupoteza mizani hata dawa ikiwa imeshika, hayo usitegemee yaondoke. Usemi unaweza hata kuharibika kidogo baada ya upasuaji. Na ugonjwa wenyewe hausimami. Unaendelea na mwendo wake. Nimeona ni afadhali mtu ayasikie haya mapema, familia yote ikiwa imekaa pamoja, kuliko kuyagundua baada ya kidonda kupona.

Basi fanya hivi wiki hii: andika mambo matatu unayotaka kuyaweza tena. Yawe mambo ya kweli ya siku yako, kama kufunga vifungo vya shati, kujigeuza kitandani usiku bila kuamsha mtu, au kula mbele ya wageni bila mkono kutupa kijiko. Mpelekee daktari na umuulize moja baada ya jingine: hili litawezekana? Majibu yake yatakuambia kama wewe na yeye mnasubiri kitu kimoja.

Hatua ya 2: Saa ya dawa isichezewe

Nikiulizwa jambo moja tu la kushikilia katika kipindi hiki, nitataja hili. Kadiri ugonjwa unavyokua, ubongo unapoteza uwezo wa kuhifadhi dopamini, kemikali ya kuongoza mwendo ambayo levodopa hugeuka kuwa, hivyo kila dozi inafanya kazi kwa muda mfupi na pengo kati ya dozi linaonekana wazi. Kuchelewa kwa nusu saa, ambako zamani hukukusikia, sasa kunaweza kukuharibia mchana mzima. Weka kengele ya simu kwa kila dozi, na mtu mwingine nyumbani azijue saa hizo.

Levodopa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na hapo hugombania mlango mmoja na protini za chakula. Ndiyo maana dozi ile ile inashika vizuri leo na kesho haishiki kabisa. Imeze kwa maji ya kutosha, dakika 30 kabla ya kula au saa moja na zaidi baada ya kula. Ikikuletea kichefuchefu, tafuna kitu kidogo kisicho na protini nyingi. Ukiona wazi kwamba mlo wa mchana wenye nyama, samaki, mayai au kunde unakuzimisha, zungumza na daktari au mtaalamu wa lishe kuhusu kuhamishia sehemu kubwa ya protini kwenye mlo wa jioni. Usiiondoe protini. Wagonjwa wa Parkinson hupungua uzito kirahisi, na mtu aliyedhoofika hupona polepole. Vidonge vya madini ya chuma navyo vikae mbali na levodopa, angalau saa mbili.

Choo kikifunga, dawa hukaa tumboni ikichelewa kufika inakofyonzwa. Maji, mboga, matunda na kutembea ndiyo tiba ya kwanza. Ikishindikana omba dawa ya kulainisha choo, wala usione aibu. Jambo hili linadharauliwa sana, ilhali wapo wanaoongezewa dozi bure kwa sababu hakuna aliyeuliza habari za choo.

Vidonge vya kutoa dawa polepole havitafunwi wala kusagwa. Ukisahau dozi, usiifidie kwa kumeza mbili kwa pamoja kabla ya kumuuliza anayekutibu.

Na usiache dawa ghafla. Usiache kwa kuchoka nayo, kwa kutaka kupumzisha mwili, wala kwa kuishiwa. Levodopa ikikatwa kwa mkupuo, mwili unaweza kukakamaa vibaya, homa ikapanda na akili ikachanganyikiwa, na hali hiyo huua. Nunua nyingine kabla ya kufikia wiki ya mwisho ya ulizo nazo, na ukisafiri beba nyingi kuliko siku za safari, kwenye mkoba wa mkononi.

Hatua ya 3: Anza daftari la saa

Mgonjwa wa Parkinson akifika kwa daktari mara nyingi huwa ametoka kumeza dawa, amejikaza, anatembea vizuri. Daktari anamwona mtu ambaye nyumbani hawamjui. Daftari ndilo linaloziba pengo hilo.

Piga mistari ukurasa mmoja kwa siku, kila mstari nusu saa. Katika kila nusu saa andika neno moja tu kati ya haya manne: imeshika, imeachia, mwili unacheza, usingizi. Neno la tatu ni kwa zile saa ambazo viungo vinajipinda na kujinyonganyonga bila wewe kutaka, jambo ambalo hutokana na dawa ikiwa imefika kileleni. Weka alama ya kila dozi na ya kila mlo pembeni, na kila anguko. Si lazima ufanye hivyo mwaka mzima. Siku tatu mfululizo kabla ya kila miadi zinatosha, mradi ziwe za kweli.

Ongeza na video. Simu ya kawaida inatosha: kuinuka kitini bila kushika, kutembea hatua kumi na kugeuka, kugonganisha kidole gumba na cha shahada haraka haraka, kuandika mstari mmoja. Pigwa video dawa ikiwa imeachia, na pigwa tena ikiwa imeshika. Dakika mbili za picha hizo zitaeleza kuliko nusu saa ya maneno, hasa kwa mtu ambaye sauti imeanza kumpotea.

Daftari lina faida nyingine. Parkinson huenda polepole. Ukiona mtu ameharibika ndani ya siku mbili tatu, tafuta sababu nyingine. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au ya kifua, upungufu wa maji, choo kilichofunga, au dawa mpya iliyoanzishwa karibuni. Bila kumbukumbu ya wiki iliyopita, watu husema tu "ugonjwa umezidi" na kumwacha alale na maambukizi.

Hatua ya 4: Vipimo vya kabla ya kukubaliwa

Kipimo kinachoogopwa zaidi ni kile cha levodopa. Utaombwa kukaa bila dawa tangu usiku, kwa kawaida kwa muda wa saa 12 hivi, kisha utapimwa ukiwa katika hali yako mbaya: ukakamavu, kasi ya vidole, mtetemeko, mwendo. Halafu utapewa dozi na kupimwa upya. Vituo vingi hutaka kuona nafuu ya angalau asilimia 30. Asubuhi hiyo ni ngumu, lakini ina mwisho, na wahudumu wapo. Nenda na mtu, usiendeshe gari, na uulize mapema dawa zipi zinasimamishwa na lini, kwani zile za kukaa mwilini muda mrefu husimamishwa mapema zaidi. Fuata maandishi ya hospitali tu. Usijipunguzie dawa ili uonekane mgonjwa zaidi.

Kutakuwa pia na picha ya ubongo ya MRI, na mazungumzo marefu kuhusu kumbukumbu na hisia zako. Hapa nataka kusema na familia. Huzuni nzito na wasiwasi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, vinatibika, na ni vizuri vitibiwe kabla ya upasuaji. Tena baadhi ya dawa za Parkinson, hasa pramipeksoli na ropiniroli, zinaweza kumtia mtu hamu asiyoweza kuizuia: kucheza kamari, kununua ovyo, kula bila kiasi, tamaa ya ngono iliyopitiliza. Mtu mwenye heshima zake akiingia huko, nyumba nzima hunyamaza kwa aibu. Msinyamaze. Si tabia yake iliyobadilika, ni dawa, na daktari akijua anaweza kuipunguza taratibu. Kuona watu au vitu visivyokuwepo nako kusemwe.

Hatua ya 5: Mwili uingie upasuaji ukiwa na nguvu

Fanya mazoezi saa dawa ikiwa imeshika, na yafanye kwa bidii ya kukutoa jasho kadiri daktari anavyoruhusu: kutembea kwa kasi, baiskeli ya kusimama, kucheza muziki, kuinua uzito mwepesi. Mwendo wa Parkinson hujifinya wenyewe, kwa hiyo kila tendo lifanye kubwa kuliko unavyoona inafaa: hatua ndefu, mikono ikipunga, mgongo umenyooka. Tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, imepimwa vizuri. Utafiti ulioongozwa na Fuzhong Li nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 195 kwa wiki 24, na waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki walipata mizani bora kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, na wakaanguka mara chache zaidi kuliko hao.

Miguu ikiganda mlangoni au wakati wa kugeuka, usilazimishe. Simama kabisa. Vuta pumzi. Hamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, halafu hesabu "moja, mbili" na uvuke mstari uliopo sakafuni, au mguu wa msaidizi aliouweka mbele yako. Anayekuuguza asikuvute mkono. Kuvutwa ndiko kunakoangusha. Geuka kwa kuzunguka mduara mpana, hatua kwa hatua. Na usiongee wala kubeba vitu kwa mikono yote miwili unapogeuka, kwa sababu ubongo wako sasa unaifanya kwa makusudi kazi ambayo zamani ilijifanya yenyewe.

Nyumbani ondoa mazulia madogo na nyaya zilizolala njiani, weka taa ya usiku kati ya kitanda na choo, funga vishikio bafuni. Anguko moja linalovunja nyonga linaweza kusogeza upasuaji mbele kwa muda mrefu.

Kizunguzungu cha kuinuka kipimwe. Pima shinikizo la damu ukiwa umelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mwambie daktari. Kwa wakati huo inuka kwa vituo: kaa kwanza, chezesha vifundo vya miguu, ndipo usimame.

Kula ukiwa umekaa wima, tonge dogo, bila haraka. Ukikohoa kila unapokunywa, au sauti ikawa na majimaji baada ya kula, omba kuonwa na mtaalamu wa usemi na kumeza, kwa sababu chakula kinachopita njia ya hewa huleta nimonia. Soma kwa sauti kubwa kila siku, hata gazeti. Na kama usiku unapiga kelele na kurusha ngumi ndotoni, sogeza vitu vyenye ncha mbali na kitanda, kisha umwambie daktari.

Hatua ya 6: Kadi ya dawa za hatari

Zipo dawa za kawaida kabisa zinazozuia dopamini na kumkakamaza mgonjwa wa Parkinson ndani ya saa chache. Hutolewa kwa kutapika au kwa fadhaa, mara nyingi usiku, na mtu asiyekujua. Zinazokumbana na wagonjwa mara nyingi ni metoklopramidi, proklorperazini na promethazini kwa upande wa kutapika, na haloperidoli kwa upande wa kutuliza. Wanaotumia selejilini au rasajilini, ambazo nazo ni dawa za Parkinson, wana hatari nyingine: dawa za maumivu za pethidini na tramadoli, pamoja na baadhi ya dawa za kikohozi na za huzuni, zinaweza kugongana nazo vibaya.

Mwombe mfamasia akuandikie majina hayo kama yanavyosomeka kwenye boksi, uyaweke kwenye kadi ndani ya pochi, pamoja na orodha ya dawa zako na saa zake. Picha ya kadi iwe kwenye simu ya anayekuuguza. Ukilazwa kwa sababu yoyote, hata ya jino, sema maneno haya mawili kwa kila zamu ya wauguzi: dawa zangu zina saa, na hizi sipewi.

Hatua ya 7: Ondoa vikwazo vya upasuaji mapema

Hatari kuu za upasuaji huu ni damu kuvuja ndani ya ubongo na maambukizi kwenye nyaya au kifaa. Zote mbili zina maandalizi. Shinikizo la juu la damu litulizwe miezi kabla, si siku ya kulazwa. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini, klopidogreli na wafarini, zina siku maalumu za kusimamishwa, na daktari ndiye anayezipanga. Kuzikata mwenyewe kunaweza kukuletea kiharusi. Virutubisho na dawa za mitishamba zitaje zote. Meno mabovu yatibiwe sasa. Vidonda na majipu ya ngozi yaonwe. Sukari ishuke. Sigara iachwe.

Uliza maswali haya na uandike majibu: nitakuwa macho au nimelazwa usingizi? Betri itakuwa ya kuchajiwa au ya kubadilishwa? Isiyochajiwa kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano ndipo kifaa kibadilishwe kwa upasuaji mdogo. Ya kuchajiwa inaweza kufika 15 na zaidi, lakini inadai uangalifu na mikono inayoweza kuiweka sawa. Nani atarekebisha umeme wake baadaye, na yuko mbali kiasi gani na kwangu? Swali hili la mwisho husahauliwa, na mimi nalihesabu kuwa zito kuliko yote. Kifaa hakifanyi kazi yake siku ya kwanza. Huwashwa kwa kawaida baada ya wiki chache, kisha hurekebishwa ziara kwa ziara kwa miezi huku dawa zikipunguzwa polepole. Nafuu inayoonekana mara tu baada ya upasuaji, kabla hakijawashwa, hutokana na ubongo kuvimba kidogo pale nyaya zilipopita, na huisha, msishtuke ikiondoka.

Hatua ya 8: Subira isikufunge mdomo

Piga simu bila kungoja miadi ukianza kuanguka mara kwa mara, ukipungua uzito, ukichanganyikiwa, ukiona visivyokuwepo, au saa za dawa kuachia zikizidi saa za kushika. Mawazo ya kutaka kufa ni dharura; mwambie mtu leo. Zipo njia za kukuvusha, kama kubadili mpangilio wa dozi, pampu inayoingiza apomofini, dawa nyingine ya Parkinson, chini ya ngozi, au levodopa inayotiririshwa moja kwa moja utumboni. Zinaweza pia kuwa njia yako ya kudumu ukiambiwa upasuaji haukufai, na kuambiwa hivyo hakumaanishi umeachwa.

Anayeuguza naye apangiwe zamu. Usingizi wa mtu mmoja hauwezi kubeba usiku wa watu wawili kwa mwaka mzima. Ndugu wagawane: mmoja miadi, mwingine dawa, mwingine angalau usiku mmoja kwa wiki.

Siku zikikaribia, ukipata homa, kikohozi kipya, jipu, au mkojo unaochoma, iarifu hospitali hata kama ni kesho yake. Wataahirisha, na utaumia moyo, lakini maambukizi yakishaingia kwenye kifaa mara nyingi hulazimu kitolewe. Kwenye begi weka dawa zako ndani ya maboksi yake, kadi, daftari la siku tatu za mwisho, lile karatasi la mambo matatu, viatu vyenye soli isiyoteleza na shati la kufungua mbele, kwa kuwa kwa siku kadhaa hutataka kuvaa kitu cha kupitishia kichwani. Maagizo ya dozi ya mwisho kabla ya upasuaji yawe yameandikwa na hospitali, nakala moja kwako na nyingine kwa atakayekusindikiza.